Kitambaa Kilichotaka Kulala

4 Februari

Wewe mtoto,

Nani kakudanganya kwamba umeshajua kila kitu? Umeitiwa mafunzo, ya bure, hapo hapo kazini kwako, kiti kimewekwa, na wewe ukafungua mdomo ukasema huhitaji. Huhitaji! Mimi niliyeishia darasa la tatu kwa kulea wadogo zangu, hata siku moja sijalitoa neno hilo kinywani. Angetokea mtu akaniambia, "Mama, njoo ukae, tukufundishe," ningekwenda mbio na kigoda changu kichwani.

Haya, salamu. Hujambo? Mimi sijambo, ila goti la kushoto linanigomea nikipanda ngazi. Mjomba wako amepata mtoto mwingine, wa kike, analia kama king'ora. Mkewe anaendelea vizuri. Jirani wa upande wa kisima ameng'oa ua wake na kuleta tofali, sasa hatuonani tena, tunasikiana tu tukipiga chafya. Cherehani yangu nimeibadilishia mkanda, inakwenda.

Usiniulize nimejuaje. Mjomba wako alipopita huko kiwandani kwenu kuleta mzigo alikutana na msimamizi wako, akamwambia: "Yule mpwa wako ana mkono wa dhahabu na kichwa cha jiwe." Mjomba alicheka. Mimi sikucheka. Nilikulea tangu mama yako alipotutoka, nikakufundisha mkasi kabla hujajua kusuka nywele zako mwenyewe, ukawa mkuu wa meza ya kukatia katika kiwanda cha watu wengi. Mtaani hapa nikipita natembea shingo juu kwa ajili yako. Sasa mashine mpya imekuja, watu wanaitwa kufundishwa, na wewe unataka kubaki mlangoni ukishika kitasa?

Nataka jibu. Na usinipigie simu. Simu ukikasirika inakatika. Barua haikatiki, nitaisoma mpaka mwisho hata nikiwa nimevimba.

Bibi yako

Nyongeza: kuna mwenzangu mmoja wa hapa mtaani, naye ni fundi, ameletewa kile kitambaa kipya kinachovutika kama mpira. Ameniuliza kinakatwaje. Nimemwambia nitauliza kwa wanaojua.

*

26 Februari

Kwako Bibi mpendwa,

Shikamoo. Barua yako nimeipata, na masikio yangu bado yana moto. Mimi ni mzima. Nimefurahi kusikia habari za mtoto wa mjomba. Mwambie mjomba nitamtumia mtoto nguo zake za kwanza, na mwambie pia kwamba mdomo wake nitaushona siku nikija.

Bibi, usihangaike na maneno ya msimamizi. Hayo mafunzo ni ya watu ambao mkono wao haujui kitu. Unakaa mbele ya kioo, unachora mguu wa suruali kwa kidole kama mtoto anayechora mchangani, halafu mashine inakata yenyewe. Mimi mashine ya nini? Mimi nikitandikiwa kitambaa tabaka juu ya tabaka, naangalia mara moja, najua mkasi unapita wapi. Wewe ndiye uliyenipa jicho hilo. Ulisema fundi anayepima mara mbili ni fundi anayejitilia shaka. Watu wanatoka idara nyingine kuja kunitazama nikikata. Niende tena kukaa kwenye benchi na watoto?

Usiwe na wasiwasi. Meza yangu ni yangu.

Huyo mwenzako mwambie asiogope kitambaa. Kitambaa ni kitambaa. Akikate kama anavyokata kingine, apunguze kidogo kiunoni kwa sababu kinavutika, basi.

Ubaki salama, na goti ulikande kwa maji ya moto.

Mjukuu wako

*

20 Machi

Mjukuu wangu,

Salamu. Sisi wazima. Mtoto wa mjomba bado analia. Mvua imeingia kwenye chumba cha cherehani, nimeweka ndoo.

Mwenzangu alikikata kama ulivyosema. Sina zaidi ya kusema juu ya hilo.

Barua yako nimeisoma mara kadhaa. Umeeleza kioo, umeeleza kidole, umeeleza benchi na watoto. Mwalimu hukumtaja. Wewe ninayekujua, ukiudhiwa na mtu, unaanza na pua yake unamalizia na viatu vyake. Mtu akikataa masomo na asimseme mwalimu hata kwa ubaya, hapo pana jambo limefunikwa kwa kawa.

Ni nani anayefundisha?

Bibi yako

*

15 Aprili

Kwako Bibi,

Shikamoo. Natumaini bati limezibwa. Mimi sijambo. Huku joto limezidi, lakini siku hizi nakaa karibu na dirisha, napata hewa, sichoki sana.

Sikutaka kukuambia, kwa sababu najua litakupanda kichwani. Anayefundisha ni Futi.

Ndiyo, yuleyule. Futi, mwanagenzi wako, aliyepewa jina hilo kwa sababu alikuwa haivui futi ya kupimia shingoni, hata akienda kuchota maji. Sasa amevaa miwani, anatembea na funguo nyingi kiunoni, na wakubwa wanamwita "Mwalimu." Alikwenda akasoma, akarudi akasoma tena, akaletwa hapa kutufundisha ile mashine.

Bibi, mimi nilikuwapo siku ile. Nilikuwa chini ya meza naokota vipande. Futi alikuuliza mbele ya wateja, "Bibi, kwa nini tusipime kwanza na kuandika?" Ukaivua futi yake shingoni, ukairusha juu ya bati. Ukasema, "Fundi anayekiuliza kitambaa ni kama mke anayekwenda kumuuliza jirani jina la mume wake." Watu walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Futi alikusanya sindano zake, akasema "Asante kwa yote, Bibi," akaondoka na hakurudi tena. Mimi nilibaki chini ya meza, na kuanzia siku ile sijamuuliza mtu swali lolote juu ya kazi. Lolote.

Siku alipoingia darasani huku nikamwona, nilisema moyoni: nikikaa mbele ya huyu, ni kama nimesema Bibi yangu alikosea. Nikainuka nikamwambia msimamizi sihitaji. Nilifanya kwa ajili yako. Sasa wewe ndiye unayenigombeza, na unaniambia kuhusu kigoda kichwani.

Samahani kama nimesema sana.

Mjukuu wako

*

9 Mei

Mjukuu wangu,

Umesema sana. Lakini umesema, kwa hiyo nitakaa nalo.

Salamu kutoka kwa mjomba na mkewe. Mtoto ameacha kulia, sasa anacheka peke yake, hatujui kipi ni kibaya zaidi. Bati limezibwa.

Kwanza hili. Mwaka ule ulipoanza kazi huko uliniandikia kwamba meza ya kukatia imewekwa katikati kabisa ya jengo, mbali na madirisha, kwa sababu upepo unanyanyua kitambaa na mkasi unapotea. Nilikipenda kiwanda hicho kwa sababu hiyo. Nikasema, hapo pana watu wenye akili. Sasa unaniambia unakaa dirishani. Unakaa! Mkataji hakai. Mimi nimekata nguo miaka yangu yote nikiwa wima, ndiyo maana nina goti hili. Mficha maradhi kilio humuumbua. Uko wapi wewe? Meza yako iko wapi?

La pili, huyo Futi.

Sikiliza. Alikuja kwangu hajui kutia uzi kwenye sindano. Nilimlisha. Nilimpa mkeka wangu. Alikuwa anauliza kuanzia kuamka mpaka kulala, kwa nini hivi, kwa nini vile, kama mbu sikioni. Kwa nini mkono wa blauzi unakatwa hivi? Mimi nijuaje kwa nini? Nilikuwa najua namna. Bibi yangu mimi alikata vile, nami nikakata vile, na nguo zikakaa mwilini. Mtu anakuuliza jambo ambalo mkono wako unalijua lakini kinywa chako hakilijui, mbele ya wateja wako, ungefanya nini?

Sijasema uende kwake. Sijasema usiende. Nimekuuliza meza yako iko wapi. Jibu hilo.

Bibi yako

*

28 Mei

Bibi yangu,

Shikamoo. Leo sitaandika habari nyingi za nyumbani. Naomba uvute kiti ukae.

Meza si yangu tena. Nakaa dirishani na wasichana wanaotoa nyuzi. Suruali ikifika ikiwa imeshonwa, mimi nakata nyuzi zinazoning'inia, naikunja, naisukuma kwa mwenzangu. Mkasi wenyewe ni mdogo, wa kukatia kucha za mtoto. Nilikuwa hapa tayari nilipokuandikia kwamba napata hewa.

Ilikuwa hivi. Baada ya kukataa mafunzo nilitaka kuwaonyesha. Ikaja oda ya suruali za wauguzi, kitambaa chake ni kile kinachovutika. Darasa lilikuwa linaendelea, mashine mpya bado haijaanza, nikasema nipeni mimi. Jora zilifunguliwa asubuhi, nikatandika tabaka nyingi kuliko kawaida, nikakata siku hiyohiyo. Bibi, nilikata vizuri. Jicho halikukosea. Watu walisimama kutazama. Zikashonwa. Zilipopigwa pasi ya mvuke zikaanza kurudi ndani, moja baada ya nyingine, kama konokono. Zote. Muuguzi mmoja aliletwa kujaribu. Ilimfika katikati ya muundi, na kiunoni haikufunga. Akasema, "Hii ni ya mdogo wangu?" Watu wote wakacheka. Mimi nikiwa nimesimama pale na mkasi mkononi.

Hawakunifukuza. Msimamizi alisema tu, "Iache meza kwanza, pumzika." Hilo ndilo pumziko ninalopumzika mpaka leo.

Ulipoandika kuhusu mwenzako, na mimi nikakujibu kwa majivuno yale, suruali zilikuwa bado hazijapigwa pasi. Sikuwa najua. Nilijibu kama mtu anayejua kwa sababu sikutaka kusema sijui. Nguo ya mwenzako ilikuwaje? Umesema "sina zaidi ya kusema" na tangu hapo silali vizuri.

Wiki iliyopita nilikwenda kwa Futi wakati wa chakula. Nilimkuta anafuta ubao. Hakushtuka. Akasema, "Dada, karibu. Umekuja kuuliza au umekuja kugombana? Vyote viwili nina nafasi."

Nikamwambia, "Nataka kujua kwa nini zile suruali zilirudi ndani."

"Ulikilaza?"

"Kulaza nini?"

"Kitambaa. Kile kikizungushwa kwenye jora kinavutwa kwa nguvu. Kinafika hapa kimechoka. Ukikifungua unakiachia, kilale mpaka kesho yake, kisinyae mpaka kimalize kusinyaa. Ndipo unakata. Ukikikata kikiwa macho, kinakuja kulala mwilini mwa mtu."

Bibi, ni hilo tu. Kukiacha kilale. Mtu angeniambia kwa sentensi moja, kama ningeuliza.

Nikamwomba nafasi. Darasa la mwisho linaanza Julai, wiki ya kwanza. Baada ya hapo meza za zamani zinatolewa, na asiyejua mashine hatakuwa mkataji tena hapa, awe na jicho la tai. Futi aliangalia karatasi zake, akasema nafasi ipo. Halafu akavua miwani, akauliza, "Bibi anajua?"

Nikasema hajui.

Akasema, "Basi mwambie. Sitaki kukuchukua kwa mlango wa nyuma. Mimi kwake nilitoka kwa mlango wa mbele."

Kwa hiyo nakuuliza, Bibi. Ukisema neno moja, nakwenda. Ukisema hapana, nitabaki na nyuzi zangu na sitakulaumu. Lakini bila neno lako siwezi. Wewe ndiye uliyenipa mkasi.

Nangoja.

Mjukuu wako

*

24 Juni

Bibi,

Shikamoo. Barua yangu ya mwezi uliopita ulipata? Dereva wa basi anasema alimkabidhi mjomba mkononi. Mjomba nimempigia, anasema alikupa, ukaisoma, ukaikunja, ukaenda kufua.

Darasa linaanza karibuni. Futi hajaniuliza tena, lakini kila nikipita ananiangalia.

Kama unaumwa nijulishe, nije.

Mjukuu wako

*

10 Julai

Bibi,

Shikamoo.

Darasa limeanza Jumatatu. Chumba chao kina ukuta wa kioo, nikienda maliwatoni napita hapo. Kiti kimoja kilikuwa kitupu siku ya kwanza na ya pili. Siku ya tatu alikaa msichana wa idara ya vifungo.

Sikuingia. Nilisema nitangoja neno lako na neno halikuja. Sina hasira. Nafikiri nimekuelewa.

Nguo za mtoto wa mjomba nimezituma kwa basi. Nimezishona usiku kwa mkono, si nzuri sana.

Mjukuu wako

*

22 Julai

Wewe!

Umenielewa nini? Umeelewa nini, na mimi mwenyewe sikuwa nimejielewa? Mtu anakaa anamngoja kikongwe amruhusu kujifunza, kama mtoto anayeomba ruhusa ya kwenda chooni! Na mimi nakuita mjinga, lakini ukiangalia vizuri, hapa wajinga ni wawili, na mmoja ana mvi.

Shikamoo zako nimezipokea zote. Nguo za mtoto zimefika, zinamkaa vizuri, na wewe hujui kusema uongo: ni nzuri. Mjomba ananinunia kwa ajili yako, chakula ananiletea bila kuongea.

Nitakuambia kilichonizuia. Nilitaka kuandika kwamba goti liliuma. Liliuma kweli, lakini goti haliandiki. Nilitaka kusingizia basi. Mjomba ameshaniumbua. Kalamu nilikuwa nayo, karatasi nilikuwa nayo. Kila nikianza, "Mjukuu wangu, nenda," mkono unasimama. Nikiandika, "Usiende," mkono unasimama vilevile. Siku zikapita, nikajiambia kesho. Nikajiambia Julai ni mbali. Mtu mzima akitaka kukimbia jambo hana haja ya miguu.

Sasa sikia la mwenzangu. Hakuna mwenzangu. Ni mimi.

Yule mama mwenye duka la vyombo, unamkumbuka, anayecheka kwa sauti ya kiume. Nimemshonea tangu mama yako hajazaliwa. Nilimshonea gauni lake la harusi, nikamshonea nguo za uzazi, nikamshonea nguo ya kumzikia mumewe. Binti yake wa mwisho alikuwa anaolewa, akaleta kitambaa kile kinachovutika, cha rangi ya maziwa. Akasema, "Bibi, hiki ni kipya, unakiweza?" Nikamjibu, "Kitambaa gani kimezaliwa nisichokiweza?" Alipotoka mlangoni nikakishika, kikaninyumbukia mkononi kama unga wa ngano uliokandwa, nikajua sikiwezi. Ningeweza kusema. Mlango ulikuwa bado wazi. Badala yake nikakuandikia wewe, na hata kwako nikajificha nyuma ya mwenzangu.

Nikakata kama ulivyosema. Sikulaumu; hata usingeniambia ningekata vilevile. Kabla ya harusi binti alikuja kujaribu. Mgongoni halikufunga. Tulivuta, mimi huku na mama yake kule, yule mtoto amebana pumzi, machozi yanamtoka, anasema, "Labda nimenenepa, Bibi." Anajilaumu yeye! Mwenye mwili wa unyasi! Nikaacha aamini kanenepa. Aliolewa na gauni la kuazima.

Mama yake hakunitukana. Afadhali angenitukana. Nikikutana naye siku hizi ananipokea mzigo, ananishika mkono kuvuka mtaro, ananiuliza hali ya goti. Ananiheshimu kama anavyoheshimiwa mzee ambaye hana tena kazi. Nguo hajaniletea. Na wengine wameacha kuleta, taratibu, bila ugomvi. Chumba cha cherehani siku hizi nakifagia na hakuna uchafu.

Barua yako iliyosema kitambaa kinataka kulala ilipofika, nilikwenda kufua kweli. Nilifua mpaka visivyo vichafu. Kisha nikakitoa kipande kilichobaki cha rangi ya maziwa. Nikakivuta, nikakitandaza mezani, nikaweka alama mbili za chaki pale kilipoishia, nikakiacha. Asubuhi kilikuwa kimerudi, chaki iko peke yake upana wa vidole viwili. Nilikaa nikaitazama ile nafasi. Chai ilipoa. Miaka yote ile nilijua kwamba jicho langu linatosha, na kumbe kitambaa kilikuwa kinasogea nikiwa nimelala, na mimi sikuwahi kuamka kuuliza.

Nikamfikiria yule mbu. Kama ningemwacha aendelee kunilia sikioni, leo ningekuwa najua. Angekwenda kusoma, angerudi Jumapili kuniambia, "Bibi, huko wanafanya hivi," nami ningemgombeza, na usiku ningejaribu. Mimi na yeye na wewe. Hicho ndicho chumba ambacho tungekuwa nacho. Nilikitupa juu ya bati pamoja na futi ya mtu, kwa ajili ya wateja kucheka. Wale waliocheka hata majina yao siyakumbuki.

Na wewe ulikuwa chini ya meza. Hilo ndilo linalonila. Yeye nilimfukuza, akaenda akajifunza. Wewe nilikuweka karibu, nikakupenda, na ulicho nacho leo ni mkasi wa kucha.

Haya, yamemwagika, hayazoleki. Sikuandika barua hii tukae tulie.

Darasa limeanza, sawa. Kiti kimechukuliwa, sawa. Wewe miguu unayo. Barua hii ukiipata, kesho yake kabla ya kengele nenda kwa Futi. Usimpelekee barua yangu. Mwambie, "Bibi amesema niende." Akiuliza Bibi amesema nini kingine, mwambie Bibi anamsalimia. Usiongeze neno, yangu na yake nitamwandikia mwenyewe, kwa mwandiko wangu, si kwa mdomo wa mtoto. Akisema umechelewa, mwambie kweli umechelewa, na kosa si lako. Akisema hakuna kiti, kaa chini. Akisema chini hakukaliwi, simama ukutani. Akisema cheti hutapata, mwambie hukuja kuchukua karatasi. Waliyosoma wiki hizi mbili umwombe yule msichana wa vifungo akufundishe jioni, na umwite mwalimu, hata kama ni mdogo kwako. Meza za zamani zikitolewa, waache wazitoe. Usisimame kuzitazama.

Kila Jumapili uniandikie umejifunza nini. Siyo "tumesoma vizuri, Bibi." Uandike namna, na kwa nini. Mimi ni wa darasa la tatu, nieleweshe polepole. Nisipoelewa nitauliza, na wewe usithubutu kunicheka.

Na siku ya kwanza usikae kama gogo. Nyoosha mkono, mbele ya watu wote, uulize jambo usilolijua. Wakicheka, uliza la pili.

Bibi yako